Chini pamba nyeupe: kidaftari cha shamba la zabibu Mpunguzi

Kisa hiki ni cha familia yetu, na wote waliohusika wameniruhusu nikiandike. Majina sitayataja. Shamba ni la mama, mwalimu mstaafu: ekari moja na nusu ya zabibu za mvinyo huko Mpunguzi, ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Iringa. Mimi naishi Kisasa na kazi yangu ni uhasibu. Kaka yuko Dar es Salaam, na ndiye anayetuma fedha za dawa na vibarua. Anayelala shambani, anayepogoa, anayepiga dawa na kufukuza ndege ni kijana wa palepale kijijini aliyeishia darasa la saba. Mama alimfundisha, na mpaka leo anamwita "mwanafunzi wangu".

Katikati ya Februari, wiki tatu hivi kabla ya kuvuna, tulimwita kijana huyo nyumbani kwa mama tumuulize dawa ilikokwenda.

Msimu uliotangulia shamba lilitupa kilo 4,200. Safari hii nilipopita kati ya mistari niliona vikonyo vimekauka, na vichala vilivyosalia vilikuwa na punje za kuhesabika. Mahali pengine nilitembea hatua kumi bila kuona kichala kinachofaa kukatwa. Kaka alipiga hesabu akiwa hukohuko Dar, nami nikaiunga mkono: salfa, ndiyo dawa yenyewe, imenunuliwa, risiti ninazo, zabibu zimeugua. Ingepigwa, zisingeugua. Basi haikupigwa, imeuzwa. Mshahara wa kijana wa Januari tulikuwa tumeshauzuia, na kibarua chake kilikuwa ukingoni kuota nyasi.

Alifika akiwa amevaa shati la Jumapili. Alimwamkia mama kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akatuamkia sisi. Kaka alikuwa kwenye simu, spika imefunguliwa, simu imelazwa mezani kati ya vikombe vya chai. Kijana aliulizwa swali moja tu, na hakujitetea kwa maneno mengi.

"Dada, dawa nimepiga. Siku zote zimo humu."

Akatoa mfukoni kidaftari kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni wa chumvi. Jalada lilikuwa limeng'oka, na kingo za kurasa zilikuwa na rangi ya njano iliyofifia. Nilidhani ni uchakavu. Baadaye nilikuja kutambua kuwa ni salfa iliyotoka kwenye vidole vyake.

Kidaftari hicho alipewa na mama mwaka alioanza kazi. Walimu wa zamani wanajua andalio la somo lilivyo: tarehe, ulichofundisha, na mwishoni tathmini, yaani ulichokiona darasani. Mama aliihamishia shambani desturi hiyohiyo. Alimwambia aandike vitu vitatu: tarehe, ulichofanya, ulichoona. "Usiniandikie hadithi," alimwambia. "Mstari mmoja, na uuandike ukiwa umesimama hapohapo. Ukisubiri jioni utaandika unachofikiri." Mimi nilikuwepo siku ile, nikaona ni mazoea ya ualimu tu. Methali ya mali bila daftari kupotea bila habari naijua na naiishi kazini, lakini siku zote nilidhani inahusu fedha. Katika kidaftari kile hapakuwa na shilingi hata moja.

Mama alivaa miwani akaanza kusoma kwa sauti. Nanakili sehemu iliyoamua kisa hiki, kama ilivyoandikwa ("mst" ni mstari wa mizabibu, "macho" ni vichipukizi, na "bomba" ni bomba la kupigia dawa likiwa limejaa):

2/11. Kupogoa mst 1-15.
3/11. Kupogoa mst 16-28. Kumaliza.
17/11. Macho yametoa. Mst wa juu kwanza.
28/11. Salfa bomba 6.
9/12. Salfa bomba 6. Jua kali.
14/12. Mvua kubwa usiku. Ya kwanza.
15/12. Maua yameanza.
17/12. Mvua jioni.
18/12. Mvua alfajiri. Majani maji mpaka saa 4.
19/12. Salfa bomba 6.
22/12. Mvua usiku.
23/12. Mst 9-14 majani yana madoa njano kama mafuta. Chini pamba nyeupe.
24/12. Salfa bomba 6, tena.
29/12. Vichala vidogo vimekuwa kahawia vinadondoka. Bondeni zaidi.
30/12. Salfa bomba 6.

Kaka alidakia kwenye simu. Mtu anaweza kukaa usiku mmoja akajaza kurasa zote hizo, alisema. Ilikuwa hoja ya haki, na kwa kuwa kazi yangu ndiyo hiyo, niliomba nipewe nusu saa.

Nilijumlisha mabomba yote ya msimu, nikazidisha na kipimo kilichochapishwa kwenye pakiti, nikalinganisha na risiti zangu. Ilipungua pakiti moja. Kijana akasema hiyo iko stoo, haijafunguliwa. Kesho yake tuliikuta juu ya boriti, imefungwa kama ilivyotoka dukani. Risiti hizo hakuwahi kuziona. Zilikuwa kwenye droo yangu Kisasa. Mtu anayetunga kidaftari usiku mmoja hawezi kubahatisha jumla ya karatasi asizozijua. Tena wino ulikuwa wa kalamu tatu tofauti, mahali pengine kuna penseli, na ukurasa wa 18 Desemba ulikuwa umevimba kwa kulowa maji.

Kabla hatujafika kwenye ugonjwa wenyewe, kuna mabishano mengine ya siku ile ambayo nayaona ni muhimu kuliko yalivyoonekana. Tulibishana mvua ilianza lini. Kaka alisema baada ya Krismasi, maana kila siku alikuwa anaangalia hali ya hewa ya Dodoma kwenye simu. Mimi nilikuwa tayari kuapa kwamba Kisasa palikuwa na vumbi mpaka karibu na Mwaka Mpya. Mama alikumbuka mvua ya kwanza kwa msiba wa jirani yake, kwamba waombolezaji walikimbilia ndani usiku. Watu watatu, majibu matatu, na kila mmoja ana uhakika. Anayeijua Dodoma anajua kwamba mvua yetu ni haba, chini ya milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na ina tabia ya kuangukia kijiji kimoja ikakiruka cha jirani. Kwa hiyo huenda hata mimi nilikuwa sahihi kwa Kisasa. Lakini zabibu hazikuwa Kisasa. Msiba wa jirani ulikuwa tarehe 14 Desemba. Mama na kidaftari walikubaliana.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba zaidi ya nusu ya alichokariri kilikuwa kimepotea ndani ya saa moja. Mvua si silabi, na mama alikuwa na msiba wa kuitundikia siku yake. Sisi wawili hatukuwa na pa kuitundikia, tukajaza pengo kwa tulichokizoea, na tulikuwa karibu kumfukuza mtu kwa ushahidi wa namna hiyo.

Basi dawa ilikuwa imepigwa. Swali likabaki palepale: zabibu ziliuguaje?

Jibu lilipatikana siku nne baadaye, alipokuja bwana shamba. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa chini ya kivuli cha mizabibu akasoma kidaftari kuanzia Novemba, taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipofika 23 Desemba alirudia mara mbili.

"Nani aliandika 'pamba'?"

Kijana akasema ni yeye.

"Ulijua ni nini?"

"Sikujua. Niliandika nilivyoona."

Bwana shamba akatugeukia sisi na kutueleza. Mizabibu ina magonjwa mawili ya ukungu ambayo wakulima wengi huyaita kwa jina moja tu, "ukungu", na hapo ndipo hasara inapoanzia. Wa kwanza ni ubwiri unga. Huo huonekana kama majivu au unga uliopakwa juu ya jani na kwenye punje, hauhitaji majani kulowa ili uenee, na salfa ndiyo dawa yake ya siku nyingi. Wa pili ni ubwiri vinyoya. Huo unangoja maji. Jani likikaa limelowa kwa saa kadhaa, vimelea vyake huingia, na baada ya wiki moja hivi juu ya jani hutokea doa la njano lenye mng'ao wa mafuta. Ukiligeuza jani asubuhi na mapema, chini ya doa lilelile unakuta vinyoya vyeupe kama pamba. Ugonjwa huo ukishika maua na vichala vichanga, hivyo hugeuka kahawia na kudondoka. Salfa haiuzuii. Dawa zake ni nyingine, zikiwemo za shaba, na zinapaswa kupigwa kabla mvua haijalowesha majani.

Alipomaliza alirudi kwenye ukurasa na kutuonyesha kwamba maelezo yake yote yalikuwemo tayari. Mvua tarehe 14, 17 na 18. Majani yamekaa na maji mpaka saa nne asubuhi. Maua yamefunguka tarehe 15, wakati mbaya kuliko wote. Madoa tarehe 23, siku tisa baada ya mvua ya kwanza. Na yameanzia mstari wa 9 hadi wa 14, ambao uko bondeni, mahali ambapo umande unachelewa kukauka. Kijana alikuwa ameuandika ugonjwa mzima, dalili kwa dalili, bila kujua jina lake.

Hesabu yetu ya kwanza ilikuwa imekosea katikati. "Ingepigwa, zisingeugua" ilikuwa kweli kwa ugonjwa mmoja na uongo kwa mwingine, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ni mawili.

Hapa ndipo moyo wa kisa hiki ulipo kwangu. Kama tarehe 23 Desemba kijana angeandika "ukungu umeanza", kidaftari kingemwokoa na tuhuma ya wizi na hapo kingeishia. Bwana shamba asingepata kitu cha kusoma. "Ukungu" ni hukumu, na ingekuwa hukumu ya mtu asiyejua aina zake. "Madoa njano kama mafuta, chini pamba nyeupe" si hukumu. Ni macho ya mtu aliyeinama, akageuza jani, akaliangalia upande wa pili. Anayejua anaweza kuyatumia macho hayo miezi miwili baadaye, akiwa amekaa juu ya ndoo, wakati majani yenyewe yameshapukutika na kuoza.

Nilipokwenda kusoma habari za ugonjwa huu nilikuta kwamba hata dawa yake ya kwanza ilianzia kwa mtu aliyeangalia. Ulifika Ulaya kutoka Amerika ya Kaskazini katika miaka ya 1870 na kuangamiza mashamba ya Ufaransa. Mwaka 1882 profesa wa botania wa Bordeaux, Pierre-Marie-Alexis Millardet, alipita Médoc akaona mizabibu ya kando ya barabara bado ina majani, huku ya ndani imepukutika. Akauliza. Akaambiwa ile ya kando imenyunyiziwa mrututu, ambao una shaba ndani yake, pamoja na chokaa ili ionekane na sumu, wapita njia wasiibe zabibu. Akajaribu mchanganyiko huo, na mwaka 1885 akautangaza. Nilimsimulia kijana habari hii. Aliuliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: wenye mashamba wenyewe walikuwa hawajaona? Nadhani waliona. Mizabibu ile ilikuwa mbele ya macho yao kila siku.

Sasa niseme upande ambao si mzuri, kwa sababu kidaftari kile hakikutuokoa na hasara. Tulivuna kilo 1,100.

Kasoro ya kwanza ni yangu. Kati ya tarehe 23 na 30 Desemba kulikuwa na siku saba ambazo kitu kingeweza kufanyika, angalau kwa mistari ya juu ambayo ilikuwa bado haijashikwa. Katika siku hizo nilimtumia kijana ujumbe mara mbili. Nimeutafuta kwenye simu yangu na bado upo: "Shamba vp?" Naye amejibu, "Safi dada." Nilikasirika nilipouona, kisha nikauangalia vizuri. Nilimuuliza swali la salamu, akanijibu jibu la salamu. Mtu huyohuyo, siku hiyohiyo, kwenye kidaftari amesema kweli tupu. Karatasi ilimuuliza umeona nini. Mimi nilimuuliza hujambo. Ameandika siku arobaini na kitu, na hakuna hata siku moja ambayo mtu mwingine alisoma. Maandishi yasiyosomwa yanaweza kumtetea mtu baadaye. Kuokoa zao hayawezi.

Kasoro ya pili imo ndani ya kidaftari chenyewe. Hakikuwa na mahali pa kushangaa. Kijana aliona pamba ikamtatiza, na kwa utaratibu aliopewa alipaswa kuandika alichoona kisha aendelee na kazi. Nilipomuuliza kwa nini tarehe 24 alirudia salfa siku tano tu baada ya ile ya 19, alisema alikuwa na wasiwasi. Wasiwasi huo ndio ulikuwa taarifa kubwa ya msimu mzima, na hauonekani popote isipokuwa katika neno moja dogo, "tena".

Mshahara wa Januari tulimlipa siku ileile ya kikao, kabla hata bwana shamba hajaja. Kaka alisema kwenye simu, "Mdogo wangu, tumekukosea. Naomba unisamehe." Mimi niliomba msamaha uso kwa uso. Alisema yameisha. Lakini shati lile la Jumapili sijalisahau: alilivaa kwa sababu alijua anaitwa kuhukumiwa.

Tuliyobadilisha ni machache. Kwenye vitu vitatu vya mama tuliongeza cha nne, neno "Sijui", ambalo halilazimiki kila siku. Akiona asichokielewa, anaandika "Sijui" na anachoshangaa. Pili, kila Jumamosi saa mbili usiku nampigia simu ananisomea mistari ya wiki nzima, nami nanakili kwenye kaunta buku langu. Ni dakika kama kumi. Mwanzoni alikuwa anafupisha, ananisimulia kwa maneno yake. Nikamwomba asome kilichoandikwa, neno kwa neno. Kila "Sijui" naipeleka kwa bwana shamba. Tatu, tuliweka kopo lenye kingo zilizonyooka juu ya nguzo iliyo wazi, na kila baada ya mvua anapima kina cha maji kwa rula ya shule kabla ya kuyamwaga.

Kaka alipendekeza ujumbe wa sauti badala ya kuandika, akamnunulia kijana simu ya kupangusa ili aache kitochi. Tulijaribu wiki tatu. Sauti zilikuwa nzuri kwa kumsikia mtu anaendeleaje, na picha za majani zinatusaidia mpaka leo. Ila nilipotaka kujua salfa ya mwisho ilipigwa lini, ilibidi nisikilize dakika ishirini na mbili za upepo, kuku na habari za kijijini. Ukurasa naupitisha jicho kwa sekunde tano. Tukarudi kwenye karatasi.

Msimu uliofuata dawa ya shaba ilipigwa kabla maua hayajafunguka, kwa ushauri wa bwana shamba, na salfa ikaendelea kwa zamu yake. Tarehe 6 Januari kulikuwa na mstari: "Mst 11 jani 1 doa njano. Nimegeuza. Pamba. Nimelichuma nimechoma." Alinipigia palepale, hakungoja Jumamosi. Tulivuna kilo 3,700. Siwezi kudai kwamba kidaftari ndicho kilichozirudisha kilo hizo zote, kwa sababu kopo linaonyesha mvua ya Desemba ile ilikuwa chache. Ninachojua ni kwamba safari hii najua ilikuwa chache kiasi gani, na iliangukia siku zipi.

Kidaftari cha kwanza mama amekiweka kabatini pamoja na vyeti vyake. Kijana sasa yuko kwenye cha nne. Jumamosi iliyopita alinisomea mistari sita, mitano ya kawaida: palizi, nguzo mbili zimeliwa na mchwa, waya umekazwa. Wa sita ulikuwa huu: "Mst 3 majani ya chini yamekunjika kwenda juu, mengine mazima. Maji wamepata sawa na wenzao. Sijui." Nilimuuliza kama ameyageuza. Akasema ameyageuza, chini hakuna kitu. Tumeongeza maneno hayo mbele ya "Sijui", yeye kwenye kidaftari chake na mimi kwenye kaunta buku langu, na bwana shamba ameahidi kufika Jumanne asubuhi.